Fundi Aliyeomba Kupimwa na Mkono wa Pili

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, saa kumi jioni, Fundi Alfonsi Nandonde atatundika aproni yake kwenye msumari wa tatu kutoka mlangoni, na kesho yake hatakuja kuivaa. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi minne katika Karakana ya Nazareti, hapa Temeke, nyuma ya soko la Tandika. Wengi wetu hatujawahi kuiona karakana hii bila yeye. Kuna vijana wanaoamini kwamba aliletwa siku moja na mashine ya randa, kwa sababu wote wawili huanza kunguruma saa mbili asubuhi.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa nimefanya naye kazi miaka kumi na sita. Alinifundisha kushika patasi, na leo mimi ndiye msimamizi wa karakana. Niseme mapema kwamba maneno haya hayakutoka mikononi mwangu moja kwa moja hadi kwa mpiga chapa. Fundi aliomba kuyaona kwanza, na aliyarudisha yamechorwa kwa ile penseli yake nyekundu bapa ambayo hukaa sikioni hata kanisani. Nitaeleza mbele alichokifuta na alichoniamuru nikiongeze.

Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji kimoja karibu na Masasi, akasomea useremala katika shule ya ufundi ya misheni huko huko Kusini. Aliingia Dar es Salaam Februari 1991 akiwa na sanduku la patasi na mfuko mmoja wa nguo, na kwa maelezo ya mkewe, Mama Sesilia, sanduku ndilo lililokuwa zito. Hapa Nazareti alianza kwa kupiga msasa. Baada ya miaka mitano alikuwa kiongozi wa kazi za kanisa, yaani altare, mimbari, mabenchi, misalaba na majeneza. Mabenchi yake yamekaliwa katika makanisa arobaini na matatu, kuanzia Mbagala hadi Mbezi Luis, likiwemo kanisa la kwao Pugu. Amefundisha mafundi ishirini na sita. Saba kati yao wana karakana zao, na mmoja anauza simu Kariakoo. Huyo wa simu Fundi humtaja kwa sauti ya msiba.

Zamani tulimwita Fundi Jicho, na jina hilo alilipenda mno. Mtu akiingia getini, Fundi alimtazama mara moja na kutaja urefu wake kwa futi na inchi. Kisha mgeni wa watu, ambaye alikuja tu kuulizia bei ya meza, alisimamishwa ukutani na kupimwa kwa futi kamba. Fundi hakukosea. Aliyembishia alinunua soda. Katekista mmoja kutoka Yombo alipimwa mara tatu siku moja kwa sababu wabishi walikuwa watatu, na sidhani kama aliwahi kuagiza hiyo meza. Fundi alikuwa akifuta mikono taratibu na kusema, "Nyie pimeni, mie nishaona." Tulicheka sana siku hizo. Hakuna aliyewaza kwamba maneno yale yangemtokea puani.

Hapa ndipo penseli nyekundu ilipoingia. Katika rasimu yangu ya kwanza niliandika kwamba katika miaka yote hiyo Fundi Alfonsi hakuwahi kujivuna. Aliikata sentensi hiyo kwa mstari mmoja mnyoofu, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: "UONGO. ANDIKA LA MZEE GIBSON." Nilimwambia kwamba wasifu wa kustaafu si mahali pa habari hiyo. Akanijibu kwamba kama si hapo, basi asiandikiwe kitu chochote. Kwa hiyo naandika.

Ilikuwa Agosti 2009. Mimi nilikuwa katika mwezi wa pili wa miezi yangu mitatu ya majaribio, mwanamke wa kwanza kuajiriwa kama fundi hapa, na nilijua wapo waliokuwa wakihesabu siku zangu. Mzee Gibson, mwalimu mstaafu na kiongozi wa kwaya ya parokia ya Mbagala, alikosali Fundi kabla ya kuhamia Pugu, alifariki dunia siku ya Alhamisi. Binti yake Tekla alikuja kuagiza jeneza la mninga, na akasisitiza kwamba alitaka lichongwe na Fundi Alfonsi mwenyewe. Nilitumwa mimi kwenda mochwari pamoja na Tekla kuchukua vipimo. Nilipima mara mbili, nikaandika kwenye karatasi futi sita na inchi mbili, nikaiweka juu ya meza ya Fundi na kuikandamiza kwa nyundo isipeperuke.

Fundi hakuisoma. Mzee Gibson alikuwa rafiki yake, amemwona kila Jumapili kwa miaka kumi na minane akisimama mbele ya kwaya, na jicho lilikwishasema futi tano na inchi kumi. Nilimkumbusha kuhusu karatasi. Akanitazama kwa upole tu, akasema, "Binti, huyu mie namjua." Jicho halikukosea kwa yule mzee aliyesimama kanisani. Ila uzee ulikuwa umemwinamisha mgongo, na alipolazwa chali alinyooka. Kila anayetengeneza majeneza anajua kwamba mtu aliyelala hapimwi kwa alivyokuwa akisimama. Fundi alilijua hilo kabla mimi sijazaliwa.

Jumamosi, mbele ya ndugu na wanakwaya waliokuja na sare zao, jeneza lilikataa. Zilipungua inchi nne. Mhudumu mmoja alishauri miguu ikunjwe kidogo, na Tekla akasema baba yake hatakunjwa. Walimtafutia jeneza jingine la tayari barabarani, la mbao nyepesi, na mazishi yaliyopangwa saa nane yakafanyika karibu saa kumi na mbili. Jeneza la mninga, zuri kupita yote niliyowahi kuona, likarudishwa karakana kwenye pikapu na kuwekwa uani, karibu na bomba la maji, ambapo kila mtu alilazimika kulipita.

Aliyeulizwa nilikuwa mimi. Nani alipima? Herieth. Karatasi yangu haikuonekana, ilikuwa imefagiliwa pamoja na takataka za randa. Bruda Augustine, mkurugenzi wetu wa wakati ule, alikuwa mtu wa haki, lakini mtu wa haki naye hutegemea anachoambiwa, na siku ile hakuna aliyemwambia kitu. Aliniambia nimalizie wiki, kisha barua yangu itakuwa tayari. Fundi Alfonsi alikuwa amesimama pale pale, anafunga mkanda wa aproni.

Amenitaka niandike bila kupunguza kwamba alinyamaza kuanzia Jumamosi hadi Jumatano. Baadaye alinisimulia siku hizo. Jumapili alikwenda Misa na kukaa kwenye benchi alilolitengeneza mwenyewe. Wakati waumini wanaungama kwa pamoja, mkono wake ulifika kifuani ukasita. Hakwenda kukomunika. Mama Sesilia alimuuliza anaumwa nini, akajibu kichwa. Jumatatu na Jumanne alisali akiomba Mungu anitafutie kazi nyingine nzuri, na kwa muda aliona hiyo ni sala ya huruma. Aliogopa kitu kimoja tu, kwamba watu wataacha kumwita Fundi Jicho. Ndivyo alivyoniambia, na aliponiambia alikuwa analia, mtu mzima wa miaka arobaini na minne. Mimi wala sikumwonea huruma wakati ule. Nilikuwa nimeshapoteza usingizi siku nne kwa ajili ya hilo jina lake.

Jumatano asubuhi, kama kawaida yetu, tulikusanyika saa moja na nusu kwa somo na sala kabla ya kazi. Somo lilikwisha. Bruda alipotaka kufunga kwa sala, Fundi akasogea katikati, akavua kofia. Alisema, "Bruda, huyu binti msimwonee. Vipimo vyake vilikuwa sawa. Mie sikuvisoma, nilijifanya najua. Na tangu Jumamosi nimenyamaza ili nisiaibike." Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wanaume kumi na tisa, akasema, "Herieth, nimekukosea. Nisamehe." Nilikwenda kusimama uani karibu na bomba, na sikurudi ndani mpaka walipoanza kazi.

Siku hiyo hiyo alikwenda Mbagala, kwenye msiba, ambako matanga yalikuwa bado yanaendelea. Walimpa kiti, akakaa kwenye mkeka. Alitegemea matusi, na alikuwa amejiandaa kwa matusi. Tekla alimsikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Fundi, baba alikuwaga anakusifia sana." Fundi anasema angependa zaidi kupigwa. Tekla hakumpa msamaha siku ile, na yeye hakuudai. Ila kila tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, amekuwa akienda kaburini kwa Mzee Gibson na brashi na kopo la vanishi, anausugua msalaba na kuupaka upya. Mwaka wa tano alimkuta Tekla amemtangulia na chupa ya chai. Tangu hapo huenda pamoja.

Wafanyakazi wapya huniuliza kuhusu sheria yetu ya mkono wa pili, na wengi wanadhani niliitunga mimi kwa sababu ya ukali wangu. Sheria inasema hakuna fundi wa Nazareti anayekata mbao kwa kipimo chake mwenyewe. Ukipima, unamwita mwenzako apime upya, anasaini karatasi, ndipo msumeno unaingia. Aliyeianzisha ni Fundi Alfonsi, wiki ile ile, na mkono wa pili wa kwanza aliouomba ulikuwa wangu. Nilikuwa na miezi miwili kazini. Alisimama kando kama mwanafunzi huku nikipima mbao zake, na siku ya tatu nilimkuta amezidisha robo inchi. Nilimwonyesha. Akasema asante, akafuta, akaandika upya. Sijasahau ile asante mpaka leo.

Na lile kabati la karatasi za vipimo pale mlangoni, ambalo kila mtu anauliza kwa nini lina matundu mawili mawili ubavuni, ni lile jeneza. Alilivunja mwenyewe na kuligeuza kabati. Matundu ni ya skrubu za vishikio. Tulimwambia ayazibe kwa gundi na unga wa mbao, kazi ya dakika kumi, akakataa. Alisema anataka kuyaona kila anapochukua karatasi.

Nisije nikamfanya malaika, maana penseli itarudi. Mwaka 2018 nafasi ya usimamizi ilipotangazwa, karakana nzima ilijua ni ya Fundi, na yeye pia alijua. Wakanipa mimi. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia shikamoo kama siku zote, akaitikia marahaba, akanipa karatasi yake na kusema, "Mkubwa, nipimie." Tulicheka, na nilidhani yamekwisha. Mwezi mmoja baadaye alikiri kwangu kwamba kwa wiki mbili nzima alikuwa akiondokea geti la nyuma ili asinione nikifunga ofisi. Ilimuuma. Alisema aliiombea hiyo hali kila siku, na kwamba siku nyingine sala ilisaidia na siku nyingine haikusaidia, akaamua kupita geti la mbele hivyo hivyo, inauma au haiumi.

Halafu kuna suala la Mbezi Luis. Fundi anaishi Pugu na anafanya kazi Temeke, na kwa hesabu ya kawaida hana sababu ya kufika kule. Lakini ndugu yeyote akisafiri na basi, hata ndugu wa jirani, Fundi hujitolea kumsindikiza stendi kuu ya mabasi, iliyoko huko Mbezi. Mama Sesilia ametoboa siri kwamba akishamuaga ndugu, hupita kanisa la pale kuiangalia altare aliyoitengeneza kwa mvule, anaizunguka, anaipapasa kona, anaondoka. Nilipoiandika habari hii nilidhani ataifuta. Hakuifuta. Aliongeza pembeni: "Ni kweli. Mimi nastaafu, kiburi hakistaafu."

Tulipoanza kupanga sherehe hii ya kumuaga, alikataa. Alisema yeye ametenda yaliyompasa tu, apewe chai aende nyumbani. Tulijaribu kila njia. Mama Sesilia alitukumbusha kwamba hata Alhamisi Kuu, parokia inapotafuta watu kumi na wawili wa kuoshwa miguu, mumewe kila mwaka hubeba ndoo ya maji na hajawahi kukubali kuketi. Tukakata tamaa, na programu ikabaki haina mhusika.

Aliyetusaidia ni Bwana Bandali, muuza mbao wa Keko, Mwislamu wa Kishia ambaye ametuletea mninga tangu enzi za marehemu baba yake. Alikuja na mzigo, akasikia habari, akakaa juu ya mbao zake mwenyewe na kumwita. Nilikuwepo, nimeyaandika kama alivyoyasema. "Fundi, miaka thelathini nakuletea mbao, unazikagua moja moja, nyingine unanirudishia. Leo watu wamekuletea asante, unairudisha bila hata kuikagua? Hiyo nayo ni jeuri, braza. Umewapima watu kwa jicho tena." Fundi aliokota vumbi la mbao kwenye mkono wa shati. Kisha akaniuliza sherehe inaanza saa ngapi.

Sasa nimalize na hiyo penseli. Nilipoandika kwamba ni fundi bora kuliko wote Temeke, alifuta na kuuliza pembeni, "Umewapima wote?" Sawa, nimekubali, sikuwapima. Neno la mwisho alilolifuta lilikuwa moja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba Fundi Alfonsi ni mtu mnyenyekevu. Alilikata mara mbili, kwa nguvu, karatasi ikakaribia kutoboka.

Nilikuwa tayari kuliacha lifutike. Lakini kwa kuwa habari ya Mzee Gibson si yangu peke yangu, niliichukua rasimu na kwenda nayo Mbagala kuomba ruhusa kwa Tekla. Aliisoma yote akiwa amekaa barazani, miwani puani, pole pole, kama mwalimu aliyemzaa. Alipofika kwenye lile neno lililokatwa aliuliza nani amelifuta. Nikamwambia ni mwenyewe. Akaniuliza, "Kwani kule kwenu sheria si mnapimwa na mwingine?" Akaomba kalamu, akaliandika neno lile upya juu ya mstari mwekundu, akasaini jina lake kamili na tarehe, kama tunavyosaini karatasi za vipimo.

Kwa hiyo, Fundi, neno linabaki. Ulijipima mwenyewe ukapata inchi pungufu, na sheria uliyoianzisha inakunyima ruhusa ya kukata kwa kipimo hicho. Mkono wa pili umepima. Ni mkono wa Tekla, na karatasi yenye saini yake iko kwenye kabati lako la mlangoni, unaweza kwenda kuisoma. Safari hii uisome.

Bruda Augustine, aliyeko Songea sasa, ametuma baraka zake. Bwana Bandali ameahidi kuja na familia yake nzima, na Tekla atakaa karibu na Mama Sesilia. Kiti cha mbele ni chako, na tumekubaliana kwamba siku hiyo ndoo ya maji itabebwa na mtu mwingine. Kwa niaba ya Karakana ya Nazareti nakushukuru kwa mbao zote, kwa mafundi wote, hata yule wa simu, na mimi binafsi nakushukuru kwa ile Jumatano. Siku ile uliponiomba msamaha sikukujibu, na katika miaka yote hii hujawahi kuniuliza tena. Nilikusamehe zamani, Fundi, ila sikuwahi kukutamkia. Nakutamkia leo, mbele ya watu, kama wewe ulivyofanya.

Nenda salama Pugu, ukapumzike na Mama. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya kwenda kuipapasa hiyo altare.

Herieth Mwambe
Msimamizi wa Karakana
Nimeandika mimi, mkono wa pili: Tekla Gibson.